Mcheza Kwao na Bao la Mgeni

Tarehe 3 Juni 2023, kwenye uwanja wa 5 Juillet jijini Algiers, Yanga ya Tanzania waliwafunga USM Alger bao 1-0 katika marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na kombe wakalikosa. Djuma Shabani aliukwamisha mpira wavuni kwa penalti dakika ya 7. Kipindi cha pili wenyeji nao wakapata penalti, kipa wa Yanga Djigui Diarra akaipangua. Kipyenga cha mwisho kilipopulizwa, walioshangilia ni waliofungwa, na walioshinda wakaenda kuvishwa medali za mshindi wa pili. Jumla ya mabao ilikuwa 2-2. Kilichowatenganisha ni kwamba siku chache kabla, Mei 28, Waalgeria walikuwa wameshinda 2-1 kwa Mkapa, Dar es Salaam, na mabao yao mawili ya ugenini yakahesabiwa kuwa mazito kuliko moja la Yanga.

Mechi ile ya kwanza ina dakika mbili ambazo, kwangu mimi, zinaeleza ubishi mzima wa fainali za nyumbani na ugenini kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa. Aymen Mahious alikuwa amewatanguliza wageni dakika ya 32. Yanga wakahangaika dakika hamsini nzima, na dakika ya 82 Fiston Mayele, aliyemaliza mashindano yale akiwa mfungaji bora kwa mabao 7, akasawazisha. Kwa hesabu ya kawaida ya mpira, 1-1 ni sare na kila upande umebaki na chake. Kwa hesabu ya fainali ile, Yanga walikuwa bado nyuma, kwa sababu suluhu tu kule Algiers ingewapa USM Alger kombe. Timu iliyoko katika hali hiyo haina ruhusa ya kutulia. Inasukumwa na jukwaa, inasukumwa na hesabu, inapanda. Dakika ya 84 Islam Merili akafunga la pili. Sidai kwamba bao lile lilizaliwa na hesabu peke yake, maana makosa ya ulinzi yapo katika kila mechi. Nasema kwamba Yanga walisawazisha bao bila kuusawazisha mchezo, na huko ni kuwaonea wachezaji.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Sheria ya bao la ugenini imeugeuza msemo huo, ikaamua kumtunza anayecheza kwa watu. Mabara matatu yameamua mataji ya klabu kwa mechi mbili, ya nyumbani na ya ugenini, kwa miongo mingi: Amerika ya Kusini, Ulaya na Afrika. Kila bara limekuwa na jibu lake kuhusu kiasi ambacho mgeni anastahili kulipwa akifunga. Majibu hayo hayalingani kwa uzuri.

Kwanza lazima tuseme ukweli wa upande wetu. Afrika Mashariki na Kati hatuwezi kuilaani sheria hiyo kwa moyo mmoja, kwa sababu imewahi kutulisha. Mwaka 1987 Gor Mahia walikwenda Tunis kucheza na Espérance katika fainali ya Kombe la Washindi, lililobeba wakati ule jina la Nelson Mandela, naye Mandela akiwa bado kifungoni. Wakatoka 2-2. Desemba 5 wakarudiana Kasarani, uwanja ulioanza kutumika mwaka huohuo kwa Michezo ya Afrika, mechi ikaisha 1-1. Jumla 3-3, na mabao mawili ya Tunis yakawapa Gor Mahia ubingwa. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara. Peter Dawo na wenzake hawakuifunga Espérance hata mara moja katika fainali ile, wala Espérance haikuwafunga wao.

Miaka 22 baadaye ikawa zamu ya Lubumbashi. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, TP Mazembe walifungwa 2-1 na Heartland ya Nigeria kule Owerri, wakarudi nyumbani na kushinda 1-0 kwa bao la kujifunga la beki wa Heartland. Jumla 2-2, sawasawa kabisa na ya Yanga, ila safari hii bao la ugenini lilikuwa la Mazembe. Kwa sheria ileile, mji mmoja wa Waswahili ulikesha ukisherehekea mwaka 2009 na mwingine ukalala mapema mwaka 2023.

Sheria hii haikutungwa na wajinga. Miaka ya 1960 timu zikilingana baada ya mechi mbili ilipangwa ya tatu, na ya tatu nayo ikiisha sare, bahati nasibu ndiyo iliyoamua. Machi 1965 Liverpool na Köln walicheza mechi tatu za robo fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya bila kupatikana mshindi. Kule Rotterdam mwamuzi akarusha kisahani chenye rangi mbili, kikasimama wima kwenye tope, ikabidi kirushwe tena kabla Liverpool hawajapita. Baada ya aibu kama hiyo, bao la ugenini lilionekana ni uungwana: angalau ni bao, limefungwa kwa mguu au kwa kichwa, halikuangukia kwenye tope. Msimu uliofuata Ulaya ikalianzisha katika Kombe lake la Washindi.

Afrika ilikuwa na aibu yake. Fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika ya 1967, kati ya Asante Kotoko ya Ghana na Englebert ya Lubumbashi, ambayo ndiyo Mazembe ya leo, iliisha 1-1 na 2-2. Mechi ya tatu ikapangwa, Kotoko hawakutokea, na kombe likaenda Kongo. Wakongo walistahili kuwa mabingwa, lakini si kwa njia ile.

Amerika ya Kusini ndiko palipo na utajiri mkubwa wa fainali hizi, na ni jibu lao ninalolipenda kuliko yote. Copa Libertadores ilianza 1960, Peñarol ya Uruguay wakiwashinda Olimpia ya Paraguay kwa 1-0 na 1-1, na hadi 2018 fainali yake ilichezwa kwa mechi mbili. Hadi 1987 hawakujali sana mabao. Walihesabu pointi: kushinda ni pointi 2, sare pointi 1. Ukinifunga 5-0 kwako nami nikakufunga 1-0 kwangu, tuko sawa, twende tukamalizane kwenye mji wa tatu. Kwao kila mechi ilikuwa na heshima yake kamili. Mechi ya kwanza haikuwa kipindi cha kwanza cha mechi ndefu ya dakika 180. Ilikuwa vita nzima iliyopiganwa ikaisha, na ya pili ilianza upya.

Utaratibu huo ulimbeba na kumtesa huyohuyo Peñarol. Mwaka 1966 waliifunga River Plate 2-0 Montevideo, wakafungwa 3-2 Buenos Aires. Kwa kuhesabu mabao walikuwa tayari mabingwa. Kwa kuhesabu pointi walilazimika kwenda Santiago, Chile, ambako walijikuta nyuma 0-2, wakasawazisha, na kushinda 4-2 katika dakika za nyongeza. Mashabiki wa timu pinzani wakaanza kuwaita River kuku kwa jinsi walivyokimbia ushindi uliokuwa mkononi, na jina hilo halijawatoka.

Kisha 1987, mwaka uleule wa Gor Mahia. América ya Cali, Kolombia, walikuwa wamefungwa katika fainali mbili zilizotangulia, ya 1985 na ya 1986. Safari hii waliwachapa Peñarol 2-0 Cali. Kule Montevideo wakafungwa 2-1, bao la pili likiingia dakika za mwisho kabisa. Jumla ya mabao América walikuwa mbele 3-2, lakini pointi zilikuwa sawa. Wakakutana Santiago, Oktoba 31, na kanuni ikasema hivi: mechi ya tatu ikiisha sare hata baada ya dakika za nyongeza, tofauti ya mabao itawapa América kombe. Dakika 90 zikapita 0-0. Nusu saa ya nyongeza nayo ikawa inaisha. Benchi la América lilikuwa limeshasimama likihesabu sekunde. Dakika ya 120 Diego Aguirre wa Peñarol akaingia na mpira upande wa kushoto wa boksi, akapiga shuti la chinichini likaenda kona ya mbali. Hapakubaki muda wa kujibu. América wakashindwa fainali ya tatu mfululizo, na Libertadores hawajawahi kuitwaa hadi leo.

Linganisha miisho hii miwili ya 1987, wa Santiago na wa Nairobi. Kolombia waliumia kuliko Tunisia, hilo halina ubishi. Lakini waliumizwa na mpira, ukiwa bado unachezwa, na mtu akapiga shuti. Espérance waliumizwa na sare. Wakati kipyenga kinapulizwa Kasarani hapakuwa na aliyeshinda mechi ile wala ile iliyotangulia, na bado mmoja alikuwa bingwa. Kwa ajili ya Gor Mahia nafurahi mpaka leo. Kwa ajili ya haki ya mchezo siwezi kusema kwamba walichofanyiwa Espérance kilikuwa bora kuliko nusu saa ya nyongeza.

Baadaye Waamerika ya Kusini waliacha mechi ya tatu, wakaanza kujumlisha mabao, na kuanzia 2005 wakakubali hata bao la ugenini katika hatua za mtoano. Katika fainali walilikataa. Hapo ndipo palipo na hekima yao, na mfano wake bora ni fainali ya 2008. LDU ya Quito, mji ulio mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari, iliifunga Fluminense ya Brazil 4-2. Kule Maracanã, Julai 2, LDU wakatangulia kufunga mapema, kisha Thiago Neves akafunga mabao matatu peke yake, 3-1. Jumla 5-5. Kwa sheria ya Afrika mchezo ungeishia hapo, na Fluminense wangelibeba kombe kwa mabao mawili ya Quito dhidi ya moja la Rio. Kwa sheria yao ziliongezwa dakika 30, zikapita bila bao, wakaenda kupigiana matuta. Kipa José Cevallos akapangua matatu, mojawapo la Thiago Neves huyohuyo. LDU wakawa klabu ya kwanza ya Ekuado kutwaa Libertadores. Anayesema waliopanda mlimani wakafunga mawili walistahili zaidi ana hoja, maana hewa ya Quito ni nyembamba. Lakini kama ni ugumu wa mahali, mbona hata Rio ilikuwa ngumu kwa wale wa mlimani, mbele ya Maracanã iliyofurika? Ugumu wa ugenini uligawiwa pande zote mbili kwa kuchezwa mechi mbili. Kuulipia tena kwa bao ni kulipa deni lililokwisha lipwa.

Ulaya imekuwa na mkono mmoja huku na mwingine kule. Kombe lao kubwa la mabingwa wamelimalizia katika mji mmoja tangu 1956. Kombe la UEFA, lililofuata kwa hadhi, lilikuwa na fainali ya mechi mbili kuanzia 1972, Tottenham na Wolves, hadi 1997, Schalke 04 na Inter. Na huko bao la ugenini lilitumika mpaka kwenye fainali. Mwaka 1992 Torino walitoka 2-2 na Ajax nyumbani. Kule Amsterdam waligonga mwamba mara tatu, wakadai penalti wakanyimwa, na kocha Emiliano Mondonico akanyanyua kiti juu ya kichwa chake mbele ya mwamuzi. Mechi iliisha 0-0. Torino hawakufungwa mechi yoyote ya fainali ile, na kombe hawakulipata. Picha ya Mondonico na kiti chake ingali inatundikwa na wapenzi wa Torino. Ukitazama nyuso za wachezaji wa Yanga Algiers unamwona Mondonico bila kiti.

Ulaya wenyewe wameshaiacha sheria hiyo. UEFA iliifuta kuanzia msimu wa 2021/22, na Amerika ya Kusini wakaifuta mwaka uliofuata katika hatua zote. Afrika tumebaki nayo. Mwaka mmoja tu baada ya Yanga, Kombe la Shirikisho liliamuliwa hivyohivyo tena: Berkane walishinda 2-1 kwao, Zamalek wakashinda 1-0 Cairo, na bao moja la Zamalek lililofungwa Morocco likatosha. Miaka miwili mfululizo kombe lilelile limekosa dakika hata moja ya nyongeza.

Lipo jibu jingine, la kuzifuta kabisa fainali za mechi mbili na kuicheza moja mahali pasipo pa mtu. Amerika ya Kusini wameshahamia huko, na wengi hudhani walihama kwa sababu ya Boca na River. Si hivyo. Uamuzi wa fainali moja kuanzia 2019 ulitangazwa mwanzoni mwa 2018, miezi mingi kabla ya mahasimu hao wa Buenos Aires kukutana fainali. Ila kilichotokea kiliwapa watetezi wa fainali moja ushahidi wasioutarajia. Mechi ya kwanza La Bombonera, uwanja wa Boca, iliisha 2-2. Siku ya marudiano, Novemba 24, basi la Boca lilipigwa mawe likielekea uwanja wa River, nahodha Pablo Pérez akaumia jicho, mechi ikaahirishwa na hatimaye ikapelekwa Madrid. River walishinda 3-1 katika dakika za nyongeza, Desemba 9, kombe la Amerika ya Kusini likikabidhiwa Hispania. Fainali ya mwaka uliofuata nayo ilihamishwa kutoka Santiago hadi Lima kwa sababu ya maandamano ya Chile. Mahali pasipo pa mtu pana matatizo yake, na mara nyingi hakuna mtu wa hapo wa kuyatatua.

Afrika ilijaribu njia hiyo na kurudi. Mei 2019, kule Radès, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Espérance na Wydad ilivunjika baada ya Wydad kukataliwa bao la kusawazisha na kuambiwa VAR haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea. CAF ikaona dawa ni mechi moja. Ikachezwa Cairo 2020, zikikutana Al Ahly na Zamalek, na Casablanca mara mbili zilizofuata. Mwaka 2022 waliokutana Casablanca walikuwa Al Ahly na Wydad, na uwanja uliochaguliwa ndio uwanja wa nyumbani wa Wydad. Al Ahly walilalamika, wakafungwa 2-0. Kwa hiyo fainali ya mahali pasipo pa mtu ikawa na mwenyeji mmoja na bila marudiano, yaani mapungufu ya njia zote mbili kwa pamoja. Msimu wa 2022/23 CAF ikarudisha mechi mbili.

Jambo hilo halisemwi vya kutosha kwetu: bila uamuzi huo, mechi ya Mei 28 kwa Mkapa isingekuwepo. Yanga wangecheza fainali yao mara moja katika mji fulani wa mbali, na wapenzi wao wangeitazama kwenye vibanda vya mpira. Shabiki wa Gelsenkirchen hupanda treni akafika Milano. Shabiki wa Tandika hapandi chochote kinachomfikisha Casablanca. Viza, nauli na safari za kuunganisha ndege kupitia Doha au Istanbul zinamfungia nje, na hakuna bei ya tiketi itakayolibadilisha hilo. Fainali ya mechi mbili ndiyo njia pekee ya mpenzi wa kawaida wa Afrika kuiona timu yake ikicheza fainali ya bara kwa macho yake. Yupo hata aliyelipa kwa uhai: katika msongamano wa kuingia uwanjani siku ile mtu mmoja alifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Wenye kuandaa fainali nyumbani wana deni la milango, foleni na askari wanaojua kuongoza watu, na deni hilo hulipwa kabla ya mechi.

Kuna wanaodhani kuwa kumalizia nyumbani ni nusu ya kombe. Simba wangeweza kuwafundisha. Mwaka 1993, katika fainali ya Kombe la CAF, walitoka suluhu Abidjan na Stella, matokeo ambayo kila mtu wa mpira angeyapokea kwa mikono miwili. Novemba wakarudiana Dar es Salaam, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa jukwaani, na wakafungwa 2-0, mabao ya Boli Zozo. Jina hilo linajulikana hata na watoto wa watoto wa waliokuwapo. Suluhu ya ugenini chini ya sheria ile ni mtego: mgeni akikufunga moja tu kwako unahitaji mawili, na wewe uliyedhani uko sawa naye unagundua hujawahi kuwa sawa naye. Vital'O ya Burundi walikwishayaonja majuto kama hayo mwaka mmoja kabla, wakianzia nyumbani: 1-1 Bujumbura na Africa Sports, kisha 4-0 Abidjan.

Na Mei 2025 Simba wakafika tena fainali, safari hii ya Kombe la Shirikisho. Berkane walikuwa wameshafunga mawili kabla ya dakika ya 15 ya mechi ya kwanza, mechi ikaisha 2-0. Marudiano yalikuwa yachezwe kwa Mkapa, lakini eneo la kuchezea halikukubalika, na CAF ikayahamishia New Amaan, Zanzibar. Zanzibar iliwapokea Simba kwa mapenzi makubwa, na ni Tanzania. Lakini uwanja wa watu wapatao 15,000 hauwezi kufanya kazi ya ule wa watu 60,000. Fiorentina wanaijua hali hiyo: katika fainali ya Kombe la UEFA ya 1990 dhidi ya Juventus, mechi yao ya nyumbani ilipelekwa Avellino, kusini kabisa, mahali pa wapenzi tele wa Juventus, ikaisha 0-0 na kombe likaenda Turin. Kule New Amaan, Joshua Mutale wa Simba alifunga dakika ya 17, na kwa muda Unguja nzima iliamini. Kisha Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu mapema kipindi cha pili, bao la Steven Mukwala likakataliwa baada ya VAR kuonyesha kaotea, na Soumaïla Sidibé akasawazisha dakika za majeruhi. Hapo sheria ya bao la ugenini haina lawama. Simba walifungwa kwa 3-1 za wazi, na kilichowaumiza zaidi ni robo saa ya kwanza ya Berkane na uwanja wetu wenyewe uliotunyima majukwaa yake.

Naiona hukumu hivi. Amerika ya Kusini walikuwa na kanuni bora ya kumpata mshindi wa mechi mbili, wakaiacha pamoja na mechi zenyewe. Ulaya walikuwa na sababu ya kufuta fainali za mechi mbili, maana watu wao husafiri, na sababu hiyo sisi hatuna. Afrika tumechagua vema mechi na vibaya kanuni. Wanaotetea bao la ugenini husema safari za Afrika ni ngumu, viwanja vya nyasi bandia, miale ya leza machoni mwa makipa, usiku wa fataki nje ya hoteli. Yote ni kweli. Lakini kila timu huyapata kwa zamu yake, na dawa ya leza ni faini na kufungiwa jukwaa. Kumpa aliyemulikwa bao lenye uzito zaidi hakumzimi anayemulika. Isitoshe sheria hiyo haimuulizi mtu kama alimulikwa. Waliofunga mawili kwa Mkapa walilipwa sawa na waliofunga mawili Tunis.

Wapo watakaouliza: je, tuko tayari kumnyang'anya Gor Mahia kombe lake la 1987 na Mazembe lile la 2009? Hakuna anayenyang'anywa. Walicheza kwa kanuni iliyokuwapo na wakaitumia kwa akili, kama USM Alger walivyoitumia. Kanuni hubadilishwa kwa ajili ya watakaocheza kesho.

Kwa hiyo ombi letu kwa CAF liwe moja na lielezwe na mashirikisho yetu ya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Bujumbura, Kigali na Kinshasa kwa sauti inayosikika: fainali zibaki mbili, ya nyumbani na ya ugenini, viwanja vikaguliwe na kuthibitishwa mapema ili timu isihamishwe mlangoni mwa mechi, na jumla ya mabao ikilingana baada ya marudiano, bao la ugenini liwekwe kando, wachezaji wapewe dakika 30 za nyongeza, na zikishindikana wapige matuta.